Taa Aliyoishika Mama

Mama yangu alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na picha za kwenye majeneza. Kila alipotoka msibani, kabla hata ya kuvua viatu, alianza na picha. "Wamemzika na bega la mtu," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni kwake Ilemela na kanga ya msiba bado kiunoni. Maana yake familia haikuwa na picha ya marehemu akiwa peke yake, wakamkata kutoka kwenye picha ya harusi, na bega la aliyesimama pembeni likabaki kwenye fremu. Wengine walizikwa na picha za kitambulisho zilizokuzwa mpaka uso ukawa na madoadoa. "Mimi mkinizika na ya kitambulisho," alisema, "nitakaa kitako humohumo kwenye jeneza niwaulize vizuri." Tulicheka. Kwenye kitambulisho chake mwenyewe amekodoa macho kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua, na hata benki alikuwa anakitoa kwa shingo upande.

Mimi ni mpiga picha. Nina chumba changu cha kazi Mkuyuni, juu ya duka la vifaa vya umeme, na Jumamosi nyingi niko kwenye harusi au sendofu ya mtu. Lakini picha nilizozipenda kuliko zote nilizipiga bure, sebuleni kwa mama, siku za sikukuu.

Nieleze kidogo kuhusu taa, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Flashi ikikaa juu ya kamera inamulika watu kama tochi ya mlinzi. Paji la uso linang'aa, pua inapotea, na nyuma ya kila mtu kinabandikwa kivuli cheusi ukutani. Kwa hiyo mimi naitoa. Juu ya kamera kinabaki kidude kidogo cha kuiamrisha iwake, na taa yenyewe inakaa mbali, pembeni na juu, mwanga ushuke kwa watu kama unavyoshuka kutoka dirishani. Bora zaidi ni kuigeuza itazame ukuta mweupe, mwanga ugonge ukuta kwanza ndipo urudi kwa watu. Ukirudi hivyo unakuwa laini, na mtu anafanana na yeye mwenyewe.

Nyumba ya mama iko juu ya mawe, kama nyumba nyingi za kule, na sebule yake si kubwa. Ina makochi manne mapana yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, televisheni, na siku ya Krismasi watu kumi na tano. Krismasi ya kwanza niliyokwenda na taa yangu niliisimamisha kwenye stendi. Haikumaliza dakika kumi. Binti wa kaka yangu aliikimbilia soda, akaikwaa stendi, na taa ingepasuka kama mama asingeidaka. Aliidaka kwa mkono wa kulia, akaiinua juu watoto wasiifikie.

"Kaa hivyohivyo, mama," nikamwambia. "Usiushushe."

Akakaa hivyohivyo. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu, na mkono ule ulikuwa umezoea kukaa juu ubaoni. Aliweza kuuinua hata nusu saa huku anaongea mambo mengine. Tangu siku ile stendi nikawa naiacha kwenye gari.

Picha za siku ile zilitoka mbaya, na kosa lilikuwa langu. Sebule yote ilikuwa na rangi ya mafuta ya kijani, na mwanga ukigonga ukuta wa kijani unarudi na ukijani wake. Mama alipopelekewa picha alizitandaza mezani, akavaa miwani, akazitazama moja moja. "Umetupiga picha za wagonjwa," akasema. Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, na hasa nikijua kwamba anayenikosoa ana haki. Nikamjibu kwamba kosa ni la ukuta wake, siyo langu, ukuta ungekuwa mweupe angeona.

Pasaka nilipofika nikakuta ukuta mmoja ni mweupe. Alimwita fundi akapaka huo tu, ule wa kando ya mlango, mingine mitatu ikabaki kijani. Wageni walidhani rangi ilimwishia. "Si ulisema unataka mweupe?" akaniuliza. Hata sikumshukuru sawasawa. Nilikwenda kuugusa kwanza nione kama ni rangi isiyong'aa, maana ukuta unaong'aa ungenisumbua tena. Haukung'aa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote iliyofuata. Mama alisimama karibu yangu, uso umeelekea ukuta mweupe na mgongo umewaelekea watu, taa iko juu kadiri mkono wake ulivyofika. Mimi nilitazama familia, yeye alitazama rangi. Taa ikiwaka aliuliza bila kugeuka, "Wamecheka?"

"Wamecheka."

"Na yule mdogo?"

"Na yule mdogo."

"Haya, piga tena."

Hakuwahi kutaka kuangalia kwenye kioo kidogo cha kamera. Alisema haoni kitu mle, atasubiri zikisafishwa. Kwake picha ilikuwa bado inasafishwa, kama zamani za filamu, na mimi sikumsahihisha. Nikizipeleka alivaa miwani na kuwaona watu waliokuwa nyuma yake siku ile: kaka anakata keki, mkwe wake anafuta machozi, wajukuu wanagombea paja la kuku. "Kumbe alikuwa anacheka hivi," alikuwa akisema. Sherehe za nyumbani kwake alizifahamu wiki mbili baada ya kwisha.

Mwaka wa mwisho, mkono wa mama ulianza kunisumbua. Nasema kunisumbua kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule. Krismasi taa ilikuwa inashuka kila baada ya picha nne au tano, na nilikuwa nasema, "Juu, mama." Pasaka nilisema, "Mama, mkono!" mara nyingi mpaka watoto wakaanza kuniiga, na sote tukacheka, mama naye. Mwezi wa saba ikawa kipaimara cha binti wa kaka, yuleyule aliyeikwaa stendi, sasa msichana mrefu katika gauni jeupe. Sebule ilijaa. Mchungaji alikuwepo, walezi wa kipaimara walikuwepo, na mimi nilitaka picha moja tu, msichana akiwekewa shanga na babu yake mzaa mama. Nilipiga mara tatu, na mara zote tatu taa ilikuwa chini ya bega.

"Mama," nikasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "kama umechoka sema, nimpe mtu mwingine."

Mama hakugeuka. "Sijachoka," akauambia ukuta. Kisha akaishika taa kwa mikono miwili, akaiinua, ikafika juu. Nikapata picha yangu. Ni nzuri, kaka ameiweka sebuleni kwake, na mimi nikienda kule nakaa kochi lisiloitazama.

Mwezi uliofuata alianguka bafuni, na ndipo daktari alipomkuta na uvimbe kwenye titi la kulia. Ulikuwa umeshafika kwapani. Alipoulizwa ameujua tangu lini, alisema tangu kabla ya Krismasi. Mimi na kaka tulimjia juu kwa pamoja, kwa nini hukusema, kwa nini hukusema, mpaka yeye akawa ndiye anayetutuliza. "Mngenifanya nini?" akasema. "Mngekuja kukaa hapa mnanitazama." Ilikuwa kweli kwamba tungefanya hivyo, na ilikuwa kweli pia kwamba ungekuwepo muda wa dawa. Yote mawili alikuwa anayajua.

Akaanza kwenda hospitali na kurudi. Nywele zilikwisha, akavaa kilemba. Kila jioni aliongea kwa simu na mdogo wake wa tumbo moja, mama mdogo wangu, anayeishi kijijini kwetu Kagera, jirani na kibanja cha migomba alikozikwa baba. Waliongea Kihaya, kwa kucheka sana, na nikiwepo nilijua wananisema kwa jinsi sauti ilivyoshuka.

Alasiri moja alinipigia simu kazini. "Njoo na kamera," akasema. "Na taa."

Nilimkuta kitandani, ameketi, mito mitatu mgongoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge cha zambarau na hereni za dhahabu za mahari yake. Kilemba kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo nipige ya jeneza."

Nikamwambia aache maneno hayo. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la tatu wanaosema kazi wamesahau nyumbani. "We mtoto," akasema, "mimi nimeshika taa ya watu wote. Yangu nitaishika saa ngapi? Nipe."

Nikasema twende sebuleni kwenye ukuta mweupe. Hakuweza kwenda sebuleni. Chumba chake kilikuwa kijani kote, kijani ileile ya mafuta. Nikasema basi niishike mimi kwa mkono mmoja, au nifuate stendi kwenye gari. Akakataa. "Hujawahi kupiga hapa bila mimi," akasema, na akanyoosha mkono. Nikampa taa.

Aliishika kwa mkono wa kulia, akaushikilia kifundo kwa wa kushoto, akauinua. Ulifika usawa wa kidevu. Ulikuwa umevimba, na ulikuwa unatetemeka. Nikaweka jicho kwenye kamera.

Kila mpiga picha anajua mwanga wa kutoka chini ni mwanga wa kutisha watoto, na mwanga wa ukuta wa kijani ni mwanga wa wagonjwa. Nilijiambia hivyo. Nilijiambia mama hastahili picha ya namna hii, kesho nitakuja na shuka jeupe nilitundike ukutani, nitakuja na stendi, nitafanya kazi kama inavyotakiwa. Huo ndio uongo niliojiambia mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikibonyeza, nitakuwa nimekubali kwamba picha ile ni ya kazi ile aliyoisema. Mama alikuwa anatabasamu, amenyoosha shingo, na ananitazama usoni. Miaka yote ile, taa ikiwa mkononi mwake, nilikuwa sijawahi kumwona usoni. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe na hakikushuka.

Nyuma ya ile taa kuna kitufe kidogo cha kuijaribu kama ina betri. Sijui kama alichoka kusubiri au dole gumba lilitetemeka likakigusa. Taa ikawaka. Chumba chote kikawa cheupe, kisha kikarudi kijani. Mama akashusha mkono polepole mpaka kwenye blanketi.

"Umepiga?" akauliza.

"Nimepiga."

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, mama."

"Kaisafishe basi," akasema, na akafumba macho kupumzika.

Kesho yake nilikuwa na harusi ya mteja. Keshokutwa nilikwenda na shuka jeupe limekunjwa chini ya kwapa, nikakuta kaka amempeleka hospitali asubuhi ileile. Alikaa huko siku tisa. Siku ya nne akili yake ilikuwa safi, akaniuliza picha kama nimeisafisha. Nikamwambia kuna foleni. "Foleni gani, si kazi yako mwenyewe?" akasema, na akacheka kidogo, akakohoa. Siku ya tisa alifariki, na shuka bado lilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Mama mdogo alipiga simu kabla hatujamaliza kuwaambia ndugu. Alilia, tukalia wote, kisha akavuta pumzi kama mtu anayeanza orodha ya mambo ya kufanya. "Picha isiwasumbue," akasema. "Dada aliniambia jioni ileile mliyoipiga. Alifurahi huyo! Alisema, picha yangu iko tayari, taa nimeishika mwenyewe kwa mkono wangu. Ulete hiyo."

Nikasema nitaileta.

Nilijifungia Mkuyuni mchana wote natafuta picha ya mama kwenye kazi zangu zote. Nilifungua kila Krismasi, kila Pasaka, kila ubatizo. Mjomba yupo, majirani wapo, paka wa jirani yupo mara tatu. Mama hayupo, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatumulikia. Nilimpata katika picha moja tu, ya harusi ya kaka, kabla ya siku za taa. Amebanwa kati ya mawifi wawili, na ukimkata unabaki na bega.

Kitu kingine nilichokipata sikuwa nakitafuta. Nilikuwa nimezipanga picha za ule mwaka wa mwisho kwenye kompyuta, kuanzia Krismasi, na nikaona vivuli vinapanda. Mwanga wa juu unaangusha kivuli chini, nyuma ya makochi, hakionekani. Taa ikishuka kivuli kinapanda. Krismasi vivuli viko usawa wa mabega ya watu kwenye ukuta wa nyuma yao. Pasaka viko vichwani. Siku ya kipaimara vimepita vichwa vya watu, vimefika karibu na saa ya ukutani. Miezi saba ugonjwa ulikuwa unaandikwa kwenye ukuta ule mbele ya macho yangu, mimi ninayejigamba kwamba kivuli ndiyo kazi yangu, na jibu langu lilikuwa, "Mama, mkono!" Nilikaa pale na kulia kwa sauti, mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kuna nini.

Kaka aliuliza picha iko wapi. Nikasema naitafuta, huenda kadi ya kamera ina tatizo. Akanihurumia, ndicho kilichoniuma. Akasema yeye anacho kitambulisho. Kwa hiyo tulivuka ziwa pale Busisi na kwenda Kagera na mama yangu amekodoa macho kwenye fremu kubwa ya dhahabu, madoadoa usoni, amebebwa mbele ya jeneza na binti wa kaka. Nilikuwa natembea nyuma ya ile fremu. Hakukaa kitako kutuuliza.

Mama mdogo aliitazama muda mrefu pale uani. "Siyo hii," akaniambia.

"Naitafuta, mama mdogo."

"Itafute."

Mwaka huu tumejengea kaburi. Fundi wa marumaru amelifunika lote, ameandika jina, na kichwani ameacha nafasi ya mviringo, kubwa kidogo kuliko kiganja, ya kubandika picha. Alitaka kubandika ya kitambulisho kama alivyoagizwa na kaka. Mama mdogo akamzuia. Alimwambia dada yake ana picha yake nzuri, mtoto anaitafuta mjini, tusubiri. Nafasi ikakaa wazi, masika ikaanza, na fundi akawa ananipigia simu kwamba maji yanaingia kwenye saruji.

Jumapili moja baada ya ibada nikampigia mama mdogo. Nilimsalimia, nikamuuliza hali ya migomba, nikamuuliza hali ya magoti yake. Kisha nikamwambia. "Picha haipo, mama mdogo. Haikupotea. Sikuipiga. Taa iliwaka yenyewe mkononi mwake na mimi nikamwambia nimepiga."

Nikasikia kuku uani kwake.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Lile la zambarau."

"Na hereni?"

"Na hereni. Za mahari."

"Alifumba macho taa ilipowaka?"

"Hapana. Alikuwa ananitazama. Alikuwa anacheka kidogo."

Nilimsikia analia, siyo kwa sauti, na nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alipopata sauti alisema, "Basi wewe umeiona. Sisi wengine tutatazama hii ya kitambulisho." Akakata simu.

Nikamtumia fundi picha ya kitambulisho.